Mipaka ya Mwenyezi Mungu na Mipaka ya Baraza



Ndugu msomaji, juma hili naomba ruhusa yako niiache kidogo milango yetu ya kawaida ya tohara, mirathi na malezi, nikusimulie safari. Si safari ya Hija wala ya Umra, na wala si ya daawa. Ni safari ya matembezi, tena ya kupanda baiskeli, ambayo mimi, mzee wa miaka 56 mwenye magoti mabovu, niliifanya katika mwezi wa Mfungo Mosi uliopita pamoja na binti yangu katika milima ya kusini mwa Uhispania. Wako watakaocheka. Na wacheke, mke wangu alikuwa wa kwanza. Lakini katika safari hiyo nilikumbushwa deni nililokuwa nimelisahau kwa miaka mingi, na kwa kuwa najua wazazi wengi wa mwambao wetu wanadaiwa deni kama langu, nimeona ni bora niliandike hapa kuliko kulificha.

Asili ya deni

Binti yangu wa pili alipokuwa na umri wa miaka 12, tukikaa Malindi, alikuwa na tabia ya kuichukua baiskeli ya kaka yake. Ilikuwa baiskeli nyeusi ya chuma, nzito, na miguu yake ilifika kwenye kanyagio kwa shida. Juzuu zake alizifunga nyuma kwenye keria, akaenda nayo madrasa asubuhi na dukani jioni. Alikuwa amejistiri vizuri, wala hakuwa akichelewa kurudi.

Siku moja baada ya swala ya Alasiri nilikuwa nimeketi barazani pamoja na wenzangu. Mmoja wao akasema kwa mzaha, "Sheikh, siku hizi binti yako tunampisha njia." Watu wakacheka. Nami nikacheka pamoja nao, lakini moyo wangu uliungua. Nilirudi nyumbani, nikaizungusha baiskeli mnyororo, nikaitia kufuli na kuifungia ghalani. Baada ya Idi nikaiuza. Mtoto alipouliza, nilimwambia neno moja tu: "Haifai." Alinitazama, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Usiku ule mke wangu aliniuliza, "Umeifunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, au kwa ajili ya baraza?" Sikumjibu. Nilitia udhu nikaenda msikitini, kana kwamba swala ni mahali pa kukimbilia swali la mke.

Miaka ikapita. Binti huyo alisoma, akawa muuguzi, na leo anafanya kazi Uingereza. Mwaka huu alinipigia simu akasema amepata likizo na anataka kuizuru Andalusia. "Baba," akasema, "sitaki kusafiri bila ya mahramu, na wewe ndiye uliyetusomesha habari za Andalusia tangu tukiwa wadogo. Njoo tukazione pamoja. Gharama ni juu yangu." Nikasema ndiyo papo hapo. Kisha ndipo akaniambia kwamba safari yenyewe ni ya baiskeli.

Nakiri kwamba nilifanya mazoezi kwa siri. Niliazima baiskeli ya kijana wa jirani, nikawa naipanda baada ya Alfajiri katika njia ya ufukweni, kabla watu hawajatoka. Umri wote huo, na bado nilikuwa nikiliogopa baraza.

Jinsi safari yenyewe ilivyo

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Ziko kampuni huko Ulaya ambazo huwakusanya watu wachache, zikawapa baiskeli na kiongozi anayezijua njia, na gari dogo likachukua mizigo yao kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine. Sisi tulikuwa watu 11, wengi wao wazee waliostaafu. Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa vijiji vya huko huko, mpole wa maneno na mwepesi wa miguu. Kila siku tulikwenda baina ya kilomita 20 na 40, tukipumzika mara kwa mara. Mimi nilipewa baiskeli yenye mota ndogo ya umeme, ambayo humsaidia mpandaji anapokanyaga. Haimbebi mtu kama pikipiki. Akiacha kukanyaga, nayo huacha kusaidia. Kwa magoti yangu ilikuwa rehema.

Eneo tulilopita ni milima iliyo baina ya mji wa Ronda na mji wa Arcos de la Frontera. Nakuomba ulizingatie hilo neno la mwisho. Ukiitazama ramani ya upande ule utaona miji kadhaa yenye jina hilo: Arcos de la Frontera, Jerez de la Frontera, Vejer de la Frontera. Frontera maana yake ni mpaka. Hapo ndipo palipokuwa mpaka baina ya ufalme wa Kiislamu wa Granada, uliotawaliwa na ukoo wa Banu Nasr, na ufalme wa Kikristo wa Castilla. Mpaka huo ulidumu kwa zaidi ya miaka 200, tangu katikati ya karne ya 13 hadi Granada ilipoanguka tarehe 2 Januari 1492.

Tulianzia Ronda. Ni mji uliokaa juu ya jabali lililopasuliwa na mto Guadalevín, na daraja lililokamilishwa mwaka 1793 limeunganisha pande zake mbili, juu ya bonde la karibu mita 100 kwenda chini. Kwangu mimi Ronda ni mji wa Abu al-Baqa al-Rundi, mshairi wa karne ya 13, ambaye qasida yake ya kuililia miji ya Andalusia nilihifadhishwa nikiwa mwanafunzi wa madrasa, bila ya kujua al-Rundi ni mtu wa wapi. Na ni mji aliouzuru Ibn Battuta mwaka 1350. Huyu ndiye yuleyule ambaye mwaka 1331 alilala usiku mmoja Mombasa, akaandika kuhusu misikiti yetu ya mbao na watu wetu waoshao miguu kabla ya kuingia ndani. Ronda alimkuta kadhi wa mji, na kadhi huyo alikuwa binamu yake. Nilisimama pale nikasema, Subhanallah, dunia ya watu wale ilikuwa pana kuliko yetu sisi wenye ndege.

Katika ukuta wa zamani kuna lango liitwalo Almocábar. Kiongozi alituambia kwamba jina hilo ni la Kiarabu, akatuuliza kama kuna anayejua maana yake. Binti yangu akajibu kabla yangu: "Makaburi." Na kweli, lango lile lilikuwa likitoka kwenda kwenye makaburi ya mji. Tangu hapo ukawa mchezo wetu njiani. Wao husema azúcar, sisi twasema sukari. Wao husema aceituna, sisi zeituni. Mtu asiyetajwa jina wao humwita fulano, nasi fulani. Neno lao hasta ni jamaa wa hata yetu, yote mawili yakitoka katika Kiarabu. Na meya wa mji wao humwita alcalde, nalo asili yake ni kadhi. Waislamu waliondoshwa, lakini ulimi wa nchi uliyaweka maneno yao.

Maana waliondoshwa, msomaji wangu. Ronda ilisalimu amri mwezi wa Mei 1485. Mahali pa msikiti wake mkuu pamejengwa kanisa, na kipande cha upinde wa mihrabu kingali chaonekana. Mwaka 1502 Waislamu wa Castilla waliamrishwa wabatizwe au waihame nchi. Na baina ya mwaka 1609 na 1614 vizazi vya waliobatizwa kwa nguvu, watu wapatao 300,000 katika Uhispania nzima, walifukuzwa. Niliiswali Adhuhuri siku ile kando ya njia, chini ya mlozi, nikielekea mashariki, kwani kibla cha huko ni mashariki, si kaskazini kama chetu. Kiongozi wetu aliwaambia wengine wanywe maji na wapumzike, na mwenyewe akasimama kando akitulindia baiskeli mpaka tukatoa salamu.

Watu wa mpakani

Siku ya pili tulipita Setenil, kijiji ambacho nyumba zake zimejengwa chini ya jabali lenyewe, hata paa la nyumba likawa ni mwamba. Ngome yake ilizingirwa na watu wa Castilla mwaka 1407 ikawashinda. Ikaja kuanguka mwaka 1484 kwa mizinga. Kutoka hapo tulipanda mlima hadi Olvera, mji mweupe wenye ngome kileleni, ambao uliiangalia Granada kwa miaka mingi baada ya kuchukuliwa na mfalme Alfonso XI mwaka 1327. Pande zote juu ya vilima uliona mabaki ya minara ya walinzi, waliokuwa wakipashana habari kwa moshi mchana na kwa moto usiku.

Jioni ile, tukisubiri Magharibi ambayo huko mwezi wa Aprili huingia karibu saa tatu kasorobo za usiku, kiongozi wetu alitueleza jinsi watu walivyoishi mpakani. Mimi nilidhani palikuwa na vita tu. Vita vilikuwapo, na hujuma, na utekaji wa watu kwa pande zote mbili. Ibn Battuta mwenyewe aliponea chupuchupu katika pwani iliyo kusini ya Ronda: wapanda farasi waliomtangulia kidogo tu njiani walishambuliwa na watu waliotoka baharini, mmoja akauawa na wengine wakatekwa. Lakini baina ya vita na vita palikuwa na suluhu za miaka kadhaa, na wakati wa suluhu mpaka ulikuwa na kanuni zake.

Palikuwa na waamuzi maalumu, Mwislamu kwa upande mmoja na Mkristo kwa upande wa pili, waliosikiliza malalamiko ya watu wa ng'ambo. Palikuwa na wafuata nyayo: ng'ombe wakiibwa, hao walizifuata nyayo mpaka kwenye mpaka, kisha wakawakabidhi wenzao wa upande wa pili waendelee, na kijiji ambacho nyayo ziliishia ndicho kilichodaiwa. Na palikuwa na mtu aliyeitwa alfaqueque, neno litokalo katika Kiarabu al-fakkak, yaani mfunguaji. Kazi yake ilikuwa kuvuka mpaka na fedha za fidia, kuwakomboa mateka na kuwarudisha kwao. Pande zote mbili zilimpa amani apite.

Nililala nikilifikiri jambo hilo. Maadui walioviziana kwa mishale waliona ni lazima mpaka wao uwe na mwamuzi, na kila dai liwe na nyayo za kufuatwa. Nami niliweka mpaka ndani ya nyumba yangu, juu ya mtoto wangu, bila ya mwamuzi wala dalili. Na alipouliza, nilimjibu neno moja.

Katika njia ya reli

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Kutoka Olvera hadi Puerto Serrano kuna njia ya kilomita 36 waiitayo Vía Verde de la Sierra, yaani njia ya kijani ya milimani. Asili yake ni reli iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1920. Walichimba mahandaki 30, wakajenga madaraja na vituo, kisha kazi ikasimama, na hapakupita gari moshi hata moja. Miaka mingi baadaye ikafanywa njia ya wenda kwa miguu na wapanda baiskeli, na baadhi ya vituo vikawa nyumba za wageni na mikahawa. Kwa kuwa iliandaliwa kwa ajili ya reli, haina miinuko mikali, na ukianzia Olvera huteremka kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana hupitwa na watoto na wazee.

Pande zote palikuwa na ngano mbichi, mashamba ya mizeituni yaliyopangwa kwa safu kama jamaa iliyosimama kuswali, na maua mekundu kando ya njia. Tulipofika kwenye jabali la Zaframagón tulisimama kuwatazama tumbusi. Wanaishi hapo kwa wingi mkubwa, na tumbusi mmoja akikunjua mabawa hupita mita 2. Walizunguka juu yetu kimya, bila ya kupiga bawa hata mara moja, wakibebwa na hewa ya moto ipandayo kutoka bondeni. Hakuna awazuiaye wasianguke ila ar-Rahman.

Kisha tukaingia katika handaki lililo refu kuliko yote, la karibu kilomita nzima. Ndani mna baridi na giza. Taa zilikuwapo, lakini kuna mahali palikuwa na kiza kabisa, na kurunzi yangu ndogo haikunionyesha kitu ila ukuta wenye maji. Moyo wangu ulianza kwenda mbio. Niliita jina la binti yangu. Hakusema kitu, alipunguza mwendo, akawa anapiga kengele ya baiskeli yake, taratibu, mlio mmoja baada ya mwingine, ili niufuate. Nikaufuata mpaka nikaiona nuru.

Karibu na kituo cha Coripe kuna mwaloni mkongwe wa karne nyingi, ambao kivuli chake chaweza kuwakusanya watu wa kijiji kizima. Tulikaa chini yake, yeye akamenya machungwa. Nikamwambia, "Mwanangu, unaikumbuka ile baiskeli ya kaka yako?"

Akasema, "Naikumbuka, Baba."

Nikamwambia, "Nilikosea. Nakuomba radhi."

Alinyamaza kwa muda, kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia. "Baba, mimi sikuhuzunika sana kwa ajili ya baiskeli. Nilihuzunika kwa sababu hukuniambia sababu. Ulisema haifai, nami nikadhani nimemuasi Mwenyezi Mungu. Miezi mingapi nilikuwa nikitubia, wala sikujua natubia kosa gani."

Ndugu msomaji, nimesimama juu ya mimbari kwa miaka mingi, na nimepata kukosolewa na masheikh wakubwa kuliko mimi. Sijapata kusikia neno lililonipiga kama hilo. Niliinama, na machungwa yale sikuweza kuyala.

Akaniongezea kipande kingine mkononi, akasema, "Kula, Baba. Bado kilomita nyingi."

Mipaka ipi ni ya nani

Siku ya nne tulipanda hadi Zahara de la Sierra, mji wenye mnara juu ya jabali na ziwa la bluu chini yake. Hapa nilipata somo jingine. Zahara ilichukuliwa na watu wa Castilla mwaka 1407. Mwezi wa Disemba 1481, wakati wa suluhu, majeshi ya sultani wa Granada, Abu al-Hasan Ali, yaliishambulia usiku, yakaiteka na kuwachukua watu wake mateka. Castilla ikajibu kwa kuiteka Alhama Februari 1482, na vita vya miaka 10 vikaanza, ambavyo mwisho wake ulikuwa kuanguka kwa Granada. Miaka 6 baadaye, mwaka 1498, Vasco da Gama wa Ureno, taifa jirani lililolelewa katika vita hivyohivyo, alitia nanga Malindi kwetu. Nguzo yake ingali pale ufukweni. Twapenda kuhadithia dhulma tuliyofanyiwa, nayo ni kweli. Lakini insafu yataka tuseme pia kwamba waliovunja ahadi usiku ule Zahara walikuwa wetu.

Na insafu huanzia nyumbani. Basi nifanye insafu hapa mbele yenu, akina mama na akina baba.

Mwenyezi Mungu ana mipaka, nayo haina mjadala. Binti wa Kiislamu amewekewa stara, na mtoto wa kiume naye amewekewa stara yake na kuamrishwa kuinamisha macho. Kuna adabu za kuchanganyika, kuna hukumu ya mwanamke kusafiri na mahramu, kuna swala ambayo mchezo wowote ukiipoteza huwa ni hasara. Mzazi akiisimamia mipaka hiyo amefanya wajibu wake.

Lakini kupanda kipando si katika makatazo hayo. Katika hadithi sahihi Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, aliwasifu wanawake wa Kikureshi kwa kuwataja kuwa ni wabora wa wanawake waliopanda ngamia, kwa huruma yao kwa watoto na uangalizi wao wa mali ya waume zao. Kupanda kwao kulitajwa katika sifa. Na Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, alishindana mbio na Mtume safarini, akamshinda. Na baadaye walipokimbia tena, Mtume akamshinda yeye na kumtania. Nyumba ya Mtume ilikuwa na mbio na kicheko. Nyumba zetu zina nini?

Kwa hiyo mzazi akimkataza binti yake baiskeli, na ajiulize kwanza. Je, njia ina hatari ya magari? Hiyo ni sababu, mwambie hivyo. Je, nguo aliyovaa haimsitiri, au buibui lake litaingia kwenye mnyororo limwangushe? Hiyo nayo ni sababu, na dawa yake ipo. Binti yangu alivaa suruali pana na juu yake kanzu ya kike iliyopasuliwa kandokando, mtandio mwepesi uliobana vizuri, kisha helmeti juu. Alijistiri siku zote, wala hakuanguka. Mimi ndiye niliyeanguka mara mbili. Lakini ikiwa sababu ni kwamba watu wa barazani watasema, basi uwe na ushujaa wa kusema, "Mwanangu, mimi naona haya." Usiseme "haramu." Qur'ani imetuonya vikali tusizizulie ndimi zetu uwongo kwa kusema hili halali na hili haramu bila ya ujuzi. Mimi nilisema "haifai" kwa sauti ya sheikh, na mtoto akaisikia kuwa ni sauti ya sheria. Hilo ndilo lililokuwa deni langu.

Kwa wanaotaka kwenda

Kuna watakaouliza kuhusu safari yenyewe, kwa hiyo nitaje machache. Vijijini huko nyama ya halali haipatikani kwa urahisi, na nguruwe huingia katika vyakula vingi, hata katika mchuzi wa dengu. Uliza kila mara kama chakula kimepikwa kwa mafuta yake, wayaitayo manteca. Sisi tulikula mayai, samaki, mkate kwa mafuta ya zeituni na nyanya, na matunda. Hatukulala na njaa. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza swala na kukusanya, nasi tuliitumia. Mwambie kiongozi mapema kuhusu nyakati za swala. Wetu alizipanga pamoja na mapumziko na hapakuwa na udhia. Wanawake wanaoswali vitu hivyo wana haki ya kuuliza pia kama katika kundi kuna wanawake wengine na kama vyumba ni vya peke yao. Na usiende kabla hujazoeza miguu yako mwezi mzima, hata kama una mota. Ukipanda, usisahau dua ya kupanda kipando. Baiskeli nayo ni kipando, na milima ile yateremka kwa kasi.

Tuliagana Arcos, mji wa mwisho, uliojengwa ukingoni mwa jabali. Kiongozi wetu alimshika binti yangu mikono miwili, na mimi akaniwekea mkono wake kifuani, kwani alikwisha kuzijua adabu zetu. Akasema kwa Kihispania neno moja ambalo sikuhitaji mfasiri: ojalá. Ni neno lao la kutumaini jambo, na ndani yake limo jina la Allah.

Niliporudi nilinunua baiskeli ndogo. Nina mjukuu wa kike wa miaka 9, mtoto wa mwanangu yuleyule mwenye baiskeli nyeusi. Huenda nayo madrasa, juzuu zake nyuma kwenye keria, nami humwambia apite njia ya ndani isiyo na tuktuk. Juma lililopita, baada ya Alasiri, bwana mmoja barazani alianza tena, "Sheikh, siku hizi mjukuu wako..."

"Ndiyo," nikamwambia. "Mpisheni."

Juma lijalo, inshaallah, tutarejea katika mlango wa mirathi, tuendelee na fungu la mama na la ndugu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.